Kitanda Changu Chumbani kwa Yustina

Vijana wangu, mmeniuliza nyumba inaandaliwaje ndani ili mnunuzi akiingia aipende. Nianze na ukweli: sijui. Kazi hiyo nimeifanya Ngara na Biharamulo mpaka magoti yakagoma kupanda ngazi ya rangi. Nimeandaa nyumba za walimu, za wafanyabiashara, za warithi waliokuwa hawasalimiani, na nyingi ziliuzwa. Lakini mkinibana niwaambie kwa nini hii iliuzwa na ile ikakaa, nitabaki nawatazama tu. Ninachoweza kuwapa ni yale niliyoyaona. Mengine yatawafaa, na mengine yananichanganya mpaka leo.

Hata jina la kazi yenyewe sikuwahi kuwa nalo. Nilianza nikiwa mshona mapazia, Biharamulo mjini, kwenye baraza la duka la marehemu baba. Sisi ni wale ambao babu zetu walikuja na bidhaa kutoka pwani wakabaki huku, ndiyo maana kila mtu ananiita Bi Zuhura, hata wazee wenzangu. Siku moja mwalimu mmoja aliyepata uhamisho alikuja kuniagiza mapazia ya nyumba anayoiuza. Nikamshangaa. "Mwalimu, unauza nyumba halafu unaivalisha mapazia mapya?"

Akasema, "Bi Zuhura, wanaokuja kuiona wanatazama madirisha yalivyo uchi, wanaondoka."

Nikamshonea, nyumba ikauzwa haraka, mwalimu akanisifu kila mahali. Baadaye nikakutana na mnunuzi sokoni, nikamuuliza kwa maringo kama aliyapenda mapazia yangu. Akaniuliza, "Mapazia yapi?" Kumbe alinunua kwa sababu ya migomba iliyokuwa nyuma ya nyumba, na ndani aliingia kwa adabu tu. Lakini sifa zilikuwa zimeshatoka, na watu wakaanza kuniita kwenye nyumba zao zinazouzwa. Ndivyo nilivyoingia kazini, kwa kusifiwa jambo ambalo sikulifanya.

Mambo ya kuta nilifundishwa na fundi rangi mmoja wa kijiji cha Kirushya, Mzee Bandora, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa na tabia moja iliyonishangaza sana mwanzoni. Akipelekwa kwenye nyumba, kabla hajagusa brashi, alikuwa anaingia kila chumba, anachuchumaa katikati ya sakafu, anafumba macho na kunusa. Mwenye nyumba anasimama mlangoni hajui acheke au aondoke.

"Rangi ni ya mwisho," aliniambia. "Kwanza pua."

Hilo lishikeni, ndilo moja la mambo machache ninayoyaamini. Nyumba zetu nyingi zina popo darini, na mwenye nyumba alishazoea harufu yao zamani, haisikii. Mgeni anaisikia akiwa mlangoni, lakini kwa heshima hawezi kuitaja. Anazunguka vyumba vyote, anasifu madirisha, anasema, "Tutarudi," na hamtamwona tena. Kwa hiyo safisheni dari, mwageni chokaa, zibeni matundu kwa wavu. Ila muyazibe jioni popo wakishatoka. Kuna nyumba tuliyoiziba kabla hawajatoka, kesho yake mnunuzi amesimama sebuleni, dari nzima inalia chwii chwii. Dalali akamwambia ni mvua. Ilikuwa kiangazi, jua linawaka, yule mnunuzi akatazama nje, akatazama juu, akaniangalia mimi. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ni mvua, sijui kwa nini.

Mzee Bandora ndiye pia aliyenifundisha kupiga mkanda wa rangi ya mafuta chini ya ukuta, kimo cha goti, rangi iliyokoza. Udongo wetu mwekundu unapanda ukutani kila mtu akipiga deki, na rangi ya maji haioshwi. Alinifundisha kumleta mnunuzi asubuhi kwa nyumba za Ngara mjini, kabla upepo wa kilimani haujaamsha vumbi. Haya yote yana maana, nayakubali.

Lakini alikuwa na jingine ambalo sijalielewa mpaka sasa. Kila nyumba aliacha kosa moja makusudi, mahali pa wazi. Ufa mdogo juu ya mlango, au kitasa kinacholegea. Alisema mnunuzi anatafuta kosa mpaka alipate, kwa hiyo mpe moja la bei rahisi apumzike. Nikaiga. Nyumba ya kwanza niliyoacha ufa, mnunuzi aliuona, akacheka, akanunua. Nyumba ya pili, mnunuzi aliuona ufa, akasema nyumba inabomoka, akapanda pikipiki. Nikamrudia Mzee Bandora na hasira zangu. Akanisikiliza, akasema, "Basi yule alikuwa mtu wa kosa hilo." Akaendelea kukoroga rangi.

Sasa mtu kama mimi anajifunza nini hapo? Na wanunuzi wenyewe hawafanani. Mhangaza, mwenyeji wa Ngara, anaweza kumaliza saa nzima kwenye migomba kabla hajauliza vyumba ni vingapi. Msukuma anataka kujua ng'ombe watalala wapi, hata kama nyumba iko katikati ya mji na yeye hana ng'ombe hata mmoja pale. Wafanyabiashara wa kwetu wanapima baraza kwa macho kuona kama patatoboka mlango wa duka. Mimi niko ndani nanyoosha pazia, na uamuzi unafanyika nje. Ninyi wa leo mnapiga picha kwa simu, mnazituma kwenye makundi ya WhatsApp, chumba kidogo kinaonekana ukumbi wa harusi. Mnunuzi anatoka mbali, anafika, anadhani amekosea nyumba. Siwalaumu. Sisi tulidanganya kwa mapazia, ninyi mnadanganya kwa simu, na wote hatujui mtu atapenda nini.

Niwaeleze habari za Yustina, maana hapo ndipo nilipochanganyikiwa kuliko pote.

Yustina alikuwa mjane, ana nyumba Ngara mjini, kwenye mteremko chini ya soko. Mumewe alikuwa dereva wa serikali, amezikwa kwao Ntobeye, na hawakujaliwa watoto. Aliyebaki kwake duniani alikuwa ni dada yake mkubwa, Leokadia, aliyeolewa Biharamulo miaka mingi iliyopita. Leokadia naye mjane, miguu imevimba kwa ugonjwa wa sukari, anaishi chumba cha kupanga ambacho watu wawili hawageuki. Kuhamia Ngara hakutaka hata kusikia, maana makaburi ya watoto wake yako kule. Kwa hiyo njia ilikuwa moja tu: Yustina auze, aende Biharamulo, wapate kijumba chao wazeeke pamoja.

Dalali aliyeniita anaitwa Sospeter, mtu mzima mwenye maneno mengi. Aliniambia nyumba ina muda mrefu sokoni na kila anayeiona anasema atarudi. Nilipofika Yustina alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kila nikimpigia dada, sauti imepungua," alisema. "Asubuhi anaamkiwa na wapangaji. Nataka niwe mimi ninayemwamkia. Bi Zuhura, fanya unavyoweza."

Nikaitazama ile sebule. Ukutani picha ya mume iliyozungushiwa maua ya plastiki, kalenda za miaka iliyopita zimepangana, na vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu, makochi, meza, hata redio ambayo haikuwa ikisema tena. Chumbani kwake kabati lilikuwa limesukumwa mbele ya dirisha, kumekuwa giza, na kitanda kimebonyea upande mmoja. Ilikuwa nyumba ya mtu anayeishi humo, na hilo ndilo nililokuwa nimeitwa kuliondoa.

Nikaanza kazi. Popo wakaenda zao. Kuta tukazipiga rangi ya maziwa, mkanda wa kahawia chini. Kalenda nikazishusha, vitambaa nikavikunja. Nilipofika kwenye picha Yustina akaniuliza, "Na huyu aende wapi?" Nikamwambia amweke stoo kwa muda. Akampokea kwenye mikono, akampeleka stoo.

Chumba ndicho kilichonipa furaha. Tulipoliondoa kabati, jua la asubuhi liliingia likajaa mpaka mlangoni, nikasema moyoni, chumba hiki ndicho kitakachouza. Lakini kile kitanda kilikuwa kinaniharibia. Basi nikafanya jambo nililokuwa nafanya kwa nyumba chache sana. Nilipakia kitanda changu mwenyewe kwenye pikapu kutoka Biharamulo, cha mninga, chenye kichwa kilichochongwa, nikakitandika shuka nyeupe zilizopigwa pasi. Cha Yustina tukakivunja tukakisimamisha nyuma ya nyumba. Nikamwomba asilale kwenye zile shuka mpaka nyumba ipate mtu. Alisema, "Ego," yaani ndiyo, "hakuna shida," na mimi nikarudi kwenye mapazia yangu.

Akaja Masanja. Alikuwa Msukuma wa upande wa Biharamulo, mfugaji na mkulima, mtu mkubwa wa mwili na mpole, kofia haitoki kichwani. Alikuwa ameanza biashara ya nafaka soko la Ngara na alitaka nyumba ya kuhamishia familia. Yustina alikuwa jikoni, kama tulivyokubaliana, maana nilikuwa nawafundisha wenye nyumba wasiwafuate wanunuzi nyuma.

Nilimwona Masanja ameipenda. Mkono wake ulikuwa unapita ukutani polepole. Nikampeleka chumbani, jua limejaa, akasimama katikati akasema, "Aisee." Hapo nikatumia ufundi wangu mkubwa, ambao na ninyi nilikuwa nataka kuwaachia. Mkalishe mnunuzi. Mtu akisimama anapita, akikaa mwili wake umeanza kuhamia. Nikamwambia, "Kaa, baba, usiogope, kaa uone upepo unavyoingia."

Akakaa kwenye kitanda. Akajibonyeza kidogo, akavua kofia, akaiweka juu ya mto. Nikajua nyumba imekwenda.

"Mke wangu ataifurahia," akasema. "Yeye ni wa huku huku, wa Ntobeye."

Wakati huohuo Yustina akatokea mlangoni na kikombe cha togwa, maana mgeni kukaa nyumbani kwake bila kupewa kitu kulimshinda. Masanja akamwamkia palepale alipokaa, "Shikamoo, mama." Yustina akaitika, "Marahaba, baba," kisha akauliza kwa wema tu, "Mkeo wa Ntobeye, wa kwa nani?"

"Kwa Mzee Kagoma. Mama yake anaitwa Melania."

Kikombe kikaanguka, togwa ikatapakaa kwenye sakafu niliyoing'arisha kwa nta. Yustina akaziba uso kwa kanga, akarudi nyumanyuma mpaka ukutani. "Melania ni mdogo wangu," akasema ndani ya kanga. "Baba zetu ni tumbo moja."

Yule mtu mkubwa aliinuka jinsi ambavyo sikuwahi kumwona mtu akiinuka. Alitoka kwa mlango wa nyuma bila kofia, akapita kwenye migomba, akaenda kusimama kwenye ua ametupa mgongo. Yustina akakimbilia jikoni akafunga mlango. Nikabaki peke yangu chumbani na kofia juu ya mto, najiuliza nimefanya nini. Ndugu wamekutana, kwetu hapo watu wangekumbatiana, wangechinja kuku.

Ilibidi Sospeter anieleze huku ameshika kichwa. Dada wa mama ya mkeo ni mama mkwe, sawa na yule aliyemzaa mkeo. Mkwe hapaswi kuingia chumba cha mama mkwe hata kuchungulia, wala kukutana naye ana kwa ana hivihivi. "Na huyu hakuchungulia, Bi Zuhura. Amekalia kitanda. Na mama mwenyewe amemkuta." Kwa Wasukuma ni aibu, kwa Wahangaza ni aibu, kwa hiyo pale hakukuwa na upande wa kukimbilia.

Masanja alituma neno kwamba nyumba hawezi kuichukua. Angelalaje na mkewe katika chumba cha mama mkwe? Watoto wake wangezaliwa wapi? Nikasema basi chumba hicho alaze wageni. Sospeter akaniuliza wageni gani, baba yake? Kumbe na baba yake hawezi kulala humo.

Siku zile nilizunguka nauliza wazee kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Mmoja sokoni aliniambia mkwe hanunui nyumba ya mama mkwe, yamekwisha. Mwingine wa Kirushya akasema inawezekana, alete beberu na pombe ya ndizi. Wa tatu akasema beberu si kitu, ni lazima chumba kibomolewe. Nilimwuliza yule wa Kirushya kuhusu kubomoa akacheka akasema huyo mwenzake ana ugomvi na kuta. Kila mmoja alizungumza kwa uhakika kabisa, na kadiri nilivyowasikiliza ndivyo nilivyozidi kutoelewa.

Katikati ya hayo ikaja simu kutoka Biharamulo. Leokadia alianguka karibu na bomba, akakaa chini pale na ndoo yake mpaka mpangaji mmoja aliporudi kazini. Hakuvunjika, lakini alikuwa hasimami vizuri tena. Yustina alikaa kwenye ngazi ya jikoni akalia kwa sauti. "Atakufa ananingoja," alisema. "Nakaa hapa nalinda shuka nyeupe, dada yangu anaokotwa na watu." Nilikaa karibu naye. Mnunuzi mwingine hakuwepo, hata wa kusema atarudi.

Nikamwambia Sospeter, tena kwa uchungu tu, si kwa akili, "Na aibu yote hii ni ya kitanda ambacho hata si chake. Ni changu."

Sospeter akanikodolea macho. "Kitanda ni chako?"

"Nimekileta kwa pikapu. Hukuniona?"

"Nilijua umeleta mapazia," akasema, na papo hapo akawasha pikipiki kwenda kuwaita wazee.

Kesho yake asubuhi wazee wakakaa uani. Aliyeongoza ni Mzee Ruhinda, mkubwa wa ukoo wa kina Yustina, aliyeletwa kutoka Ntobeye. "Kalibuni, tukae tuseme," akatuambia, kisha akapanga watu. Masanja alikaa mbali kwenye kigoda, mgongo kwetu, anatazama bondeni. Yustina alikaa ndani ya jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo. Sospeter alikuwa katikati wa kupeleka maneno, ingawa kila mtu alikuwa anamsikia mwenzake vizuri.

Mzee Ruhinda akaniita. "Kitanda ni cha nani?"

"Changu, mzee."

"Na wewe ni nani kwa Masanja?"

"Si mtu yeyote, mzee."

"Basi amekalia kitanda cha mtu baki," akasema mzee, na watu wakacheka, hata mgongo wa Masanja ukatikisika kidogo. "Lakini chumba je? Kitanda kinafuata chumba, au chumba kinafuata kitanda?"

Wakabishana. Mmoja akasema kitanda kikiingia chumbani kimekuwa cha chumba. Mwingine akauliza, je, ng'ombe wa jirani akiingia zizini kwangu amekuwa wangu? Wakaenda kwa Kihangaza nikawapoteza, wakarudi kwa Kiswahili nikawa bado sijawapata. Nilikuwa natamani kusema kwamba mimi nilichotaka ni chumba kionekane vizuri tu.

Ndipo Yustina akazungumza kutoka jikoni, taratibu.

"Chumba hicho si changu. Tangu kitanda cha Bi Zuhura kiingie sijalala humo hata mara moja. Chumba changu ni stoo. Mume wangu yuko huko."

Mzee Ruhinda akanitazama. "Wewe ni mwanamke. Nenda ukaone."

Nikaenda. Stoo ile nilikuwa nimeifunga kwa ufunguo wa mawazo yangu, nikijua imejaa takataka za kuficha. Nikakuta mkeka umetandikwa kati ya magunia ya maharage. Picha ya mume imepigiliwa juu ya mkeka na maua yake. Kalenda zote zimepangwa kama zilivyokuwa sebuleni. Vitambaa vya kufuma vimetandazwa juu ya magunia, kila gunia na cha kwake. Rozari imening'inia kwenye msumari. Nyumba yake yote, ile niliyoishusha ukutani kwa furaha, alikuwa ameijenga upya humo, na kwa wiki zote zile nilikuwa napita mbele ya mlango ule na brashi mkononi. Niliumia sana, vijana wangu. Na wakati huohuo, sijui nisemeje, nikaona kwamba hicho ndicho kitakachomfikisha kwa dada yake. Nilikuwa nimeitengeneza nyumba isiwe ya mtu, na sasa wazee walikuwa wanahitaji mtu athibitishe kwamba kweli si ya mtu. Sikujua nilie au nishukuru. Nilirudi uani nikasema, "Ni kweli. Anaishi stoo."

Hapo Mzee Ruhinda akatoa uamuzi. Akasema Masanja amekaa katika chumba ambacho mama mkwe amekwisha kuhama, kwenye kitanda cha mtu baki, naye hakujua. Aibu ipo, lakini ni ndogo. Atamletea mama kitenge cha kufuta macho yaliyoona aibu. Nyumba aichukue. Ila stoo asiiingie. Mama akishaondoka ibomolewe na watu wengine, pale paoteshwe mgomba.

Masanja akajibu bila kugeuka. "Nimekubali, mzee. Mayu, mama yangu, unisamehe."

"Nimeshakusamehe," sauti ikatoka jikoni. "Kwani ulijua? Msalimie binti yangu."

Ndivyo nyumba ilivyouzwa. Kitanda changu hakuna aliyekitaka, Masanja alikuwa hata hakitazami, nikakirudisha Biharamulo kwa pikapu ileile. Miezi kadhaa baadaye nilipita Ngara, mke wa Masanja akanikaribisha kwa furaha nyingi. Nikauliza kama wanakifurahia kile chumba chenye jua. Akaniambia wanaweka mahindi. Mumewe amesema ruhusa ya wazee ameipokea, lakini usingizi hautamjia humo, kwa hiyo wanalala chumba kidogo cha nyuma chenye giza. Nikatazama magunia yalivyoota jua. Nikamwuliza basi walinunua kwa sababu gani. Akasema, "Sijui, bibi. Aliporudi siku ile alisema tu amekuta nyumba ina ndugu."

Sasa nielezeni ninyi wenye simu. Niliondoa ndugu wote ukutani ili nyumba iuzike.

Yustina na Leokadia walipata kijumba cha tofali za kuchoma Biharamulo, si mbali na hospitali. Nilichelewa kwenda kuwaona, nilikuwa naona haya. Hatimaye nikaenda, na mapazia mapya chini ya kwapa kama zawadi, mepesi, ya kuruhusu mwanga. Nilibisha hodi, nikaingia nisione kitu, giza tupu. Dirisha limezibwa kwa blanketi maana miguu ya Leokadia haipendi upepo. Mkungu wa ndizi unaivia chini ya meza, dawa ziko juu ya kiti pekee cha mgeni, sufuria ziko mlangoni, kuku mmoja anatamia pembeni. Wale dada wawili wamekaa juu ya kitanda kimoja, bega kwa bega, wanakula karanga kwenye bakuli moja. Leokadia alikuwa amekonda sana, lakini alikuwa anacheka kitu ambacho mdogo wake amemwambia kabla sijaingia.

"Shikamoo, dada," nikamwamkia Leokadia, na kabla sijaitikiwa mikono yangu ilikuwa tayari imeanza. Nikasogeza sufuria. Nikahamisha dawa kutoka kwenye kiti. Nikanyoosha mkono kwenye lile blanketi la dirishani niipe nyumba mwanga.

Yustina akanishika kiganja kwa upole, akanivuta mpaka nikakaa nao pale kitandani, akaniwekea karanga mkononi.

"Acha, Bi Zuhura," akasema. "Hapa hatuuzi."